Imla ya Ukutani

Shule zilipofungwa kwa amri ya jeshi lililotutawala, majira ya baridi ya mwaka wa pili wa Intifada, uasi wetu, Mwalimu Itidal alidhani angalau atapumzika. Alikuwa amewafundisha Kiarabu wasichana wa kambi yetu ya wakimbizi kwa miaka ishirini na miwili, na koo lake lilikuwa limekwaruzika kama sufuria kuukuu. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alifua mapazia yote. Wiki ya tatu akatoa daftari za zamani za wanafunzi chini ya kitanda, akazipanga kwa majina, akazipangua akazipanga kwa miaka, akazipangua tena akazipanga kwa wingi wa makosa. Hapo mama yake, Hajja Nuzha, aliyekuwa akishinda jikoni karibu na jiko la mafuta ya taa, akaona mambo yameharibika.

"Wewe mtoto," akamwambia, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na saba, "keti. Unanitia kizunguzungu. Hata mbuzi akifungwa huchoka akalala."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa kwa miguu."

Waliishi wawili tu. Baba alikwisha kufa, kaka walitawanyika Kuwait na Amman, na mume hakupata kuwapo. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ukuta mmoja mrefu usio na dirisha, mweupe, unaotazama uchochoro wa kutoka barabara ya Hebroni kwenda msikitini. Kila mtu alipita hapo. Siku zile gazeti lilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi, lakini ukuta haukupita kwa mtu. Ukutani ndiko watu walikosoma siku ya mgomo, saa ya kufunga maduka, nani kafa na nani kafungwa. Mtu aliamka, akanawa uso, akaenda kusoma ukuta kama wengine wanavyofungua redio.

Asubuhi moja Itidal alifungua mlango amwage maji ya kuoshea vikombe, akakuta ukuta wake umepata maneno. Rangi nyekundu, herufi kubwa kama ndoo. Aliyeandika alikusudia kusema: *Sisi ni wenye kurejea.* Wenye kurejea vijijini kwetu, tulikofukuzwa. Lakini neno lile, *aidun*, lilitaka hamza, ile alama ndogo iliyopinda, juu ya kiti chake, na mwandishi, kwa haraka au kwa ujinga, alidondosha nukta moja chini. Likawa *abidun*. Ukuta mzima ukapiga kelele kwamba sisi ni wenye kuabudu.

Itidal alisimama na beseni mkononi mpaka maji yakapoa.

"Kuna nini?" Hajja akaita kutoka ndani.

"Wameandika."

"Matusi?"

"Kosa la darasa la tatu!"

"Mungu anajua walichokusudia."

"Mungu anajua, mama, lakini wapita njia je?"

Alirudi ndani, akatoka, akarudi. Alimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Kila alipofumba macho aliiona ile nukta, imekaa chini ya neno kama nzi kwenye sahani ya mtindi. Adhuhuri, maduka yalipofungwa na uchochoro ukawa mtupu, akashindwa. Akachukua chupa ya rangi ya viatu na brashi yake ndogo, akatoka na viatu vya ndani, akaifunika ile nukta kwa kipande cha chokaa, akachora hamza mahali pake, safi, yenye mkia, kama alivyochora kwenye ubao mara elfu kumi.

Alipogeuka, Abu Lutfi, muuza falafeli, zile bajia za dengu, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake kilichofungwa, mikono kifuani.

"Umempa ngapi juu ya kumi, Mwalimu?"

"Sijaona kitu, nawe hujaona kitu."

"Mimi? Mimi kipofu tangu kuzaliwa," akasema Abu Lutfi. Kufikia alasiri kambi nzima ilikuwa ikicheka.

Kesho yake doria ikaja. Sajini mwenye ndevu nyekundu akagonga mlango kwa kitako cha bunduki, akanyoosha mkono. Desturi ilijulikana: unatoa kitambulisho, wanakitia mfukoni, hukipati mpaka ukuta uwe mweupe.

"Wewe, mama. Futa."

"Si mimi niliyeandika."

"Ukuta wako?"

"Ukuta ni wangu."

"Basi maneno yako. Futa."

Akafuta. Alichanganya chokaa ndani ya ndoo, akapaka huku askari wawili vijana wakila machungwa na kutupa maganda miguuni pake. Chokaa ilikuwa nyepesi. Ilipokauka, nyekundu ikachungulia chini yake, waridi hafifu, na ile hamza nyeusi ikaonekana kuliko vyote. Sajini alitazama, akasonya, akarudisha kitambulisho kwa kukitupa.

Siku tatu baadaye kulikuwa na maneno mapya. Akafuta. Yakaandikwa tena. Akafuta. Kila mara kulikuwa na kosa, na kila mara, kabla doria haijafika, Mwalimu Itidal alikuwa amekwisha kulisahihisha. Hajja Nuzha alisema hajapata kuona mtu anayepamba maiti mara mbili kwa wiki.

Ndipo Rihab alipokuja.

Rihab alikuwa binti wa fundi mwashi wa mtaa wa juu, ana miaka kumi na saba, mfupi, mwenye macho yasiyotulia. Alikuwa mwanafunzi wa Itidal tangu darasa la nne, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupata zaidi ya nne juu ya kumi katika imla. Aliingia bila salamu, akasimama katikati ya chumba.

"Mwalimu, umenivua nguo mbele ya kambi nzima."

Itidal alimtazama vidole. Kwenye kucha ya dole gumba, rangi nyekundu.

"Ni wewe?"

"Vijana wanakaa pembeni wakilinda njia. Mimi naandika kwa sababu hakuna askari anayemshuku msichana mwenye kapu. Sasa wanasema wamtafute mwingine, anayejua kusoma. Nimekuwa kichekesho! Juzi Abu Lutfi kaniambia, 'Chukua falafeli tano, si nne, upandishe alama.' Hata hajui kuwa ni mimi, alikuwa anamwambia kila mtu!"

Hajja Nuzha alicheka mpaka akashika ukuta. Itidal hakucheka. Kitu kilikuwa kimeanza kumtembea kwapani na mgongoni, ile hali ya asubuhi ya kwanza ya muhula.

"Keti," akasema. "Andika: *Sisi ni wenye kurejea.*"

"Hapa?"

"Nyuma ya bahasha hii. Mara kumi."

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Kufundisha majumbani kulikuwa kumepigwa marufuku, kama shule yenyewe, kwa hiyo wasichana watano walikuja na bamia za kukata, na jikoni mwa Hajja wakawa wanakata bamia moja kwa kila mistari miwili ya imla. Itidal alizunguka meza. Alisoma wito wa mgomo kwa sauti ya darasani, polepole, na irabu zake zote. Alimfundisha Rihab namna ya kukata mkia wa herufi kabla rangi haijachuruzika, namna ya kupima neno kwa hatua kabla ya kulianza, ili lisigonge kona ya nyumba. Kulikuwa na mambo mawili ambayo Rihab hakuyaweza katu. Herufi *ain* yake ilibaki imeachama kama kifaranga cha bata kinachosubiri chakula, na mstari wake ulipanda juu kushoto kama mtu anayekimbia ngazi.

"Mbona unapanda?"

"Nakuwa natazama nyuma, Mwalimu. Bega linakwenda lenyewe."

Makosa yakaisha kambini. Abu Lutfi alitangaza kwamba siku hizi hata matusi yana adabu. Watu wazima walisimama mbele ya ukuta wakatikisa kichwa kwa kuridhika, si kwa yaliyosemwa tu, bali kwa yalivyokaa. Na Itidal alilala usiku, jambo ambalo hakulizoea.

Kumbe mwingine naye alikuwa akisoma. Mtu wa usalama aliyejiita Kapteni Zaki, jina ambalo bila shaka hakupewa na mama yake, alijua Kiarabu kuliko askari wake wote. Jumatatu moja gari lilisimama mbele ya nyumba, Itidal akaambiwa achukue koti.

Ofisini Kapteni alimpa kiti na chai, kisha akatandaza picha mezani kama karata. Zilikuwa kuta za kambi.

"Mwandiko wa shule," akasema. "Mzuri. Nimeupenda. Miezi miwili iliyopita walikuwa wanaandika kama wachinjaji. Nani amewafunza?"

"Kila msichana wa kambi aliye chini ya miaka thelathini amepita mikononi mwangu. Wakamate wote, utapata wengi wanaoandika vizuri."

"Sitaki wote. Namtaka huyu." Akasogeza picha moja. "Huyu anaandika zaidi ya wengine. Mwalimu hujua mwandiko wa mtoto wake hata gizani, sivyo?"

Itidal aliitazama. *Ain* imeachama. Mstari unakimbia ngazi. Magoti yakataka kusimama yenyewe. Akayashika.

"Najua," akasema. "Ni wangu."

Kapteni aliweka kikombe chini. "Wako?"

"Ukuta ni wangu, rangi ni yangu, mwandiko ni wangu. Niandikie ulichoandaa, nitie sahihi, nirudi kwa mama yangu au nisirudi."

Akapewa karatasi na kalamu ya wino mzito. Kapteni akamsomea maneno ya kwenye picha, naye Itidal akaandika. Miaka ishirini na miwili ya kupigana na makosa ya watoto ilikuwa imemwachia ujuzi ambao hakujua kuwa anao: makosa yenyewe. Mkono uliyajua yote. Aliachamisha *ain*, akapandisha mstari. Alichelewa kukata mkia, kama Rihab anavyochelewa. Kuandika vibaya kulimuuma kama kuvaa nguo ya mtu mchafu, lakini alipomaliza, karatasi na picha vilikuwa mapacha.

Kapteni alivilinganisha.

"Mwalimu wa miaka yote hiyo anaandika hivi?"

"Kaandike wewe ukutani huku unatazama nyuma, tuone."

Akacheka, cheko fupi. "Unamficha mtu. Ninajua, nawe unajua kwamba ninajua. Lakini hii" — akaigonga karatasi — "mahakama itaipenda."

Mahakama ya kijeshi iliipenda. Miezi mitano.

Juu ya gereza la wanawake hakupenda kusema mengi baadaye. Alisema baridi ilitoka sakafuni, na kwamba dengu zilikuwa na mchanga. Aliokaa nao chumba kimoja, wanawake saba, walimwita Saa ya Ukutani, kwa sababu alitembea hatua sita kwenda, hatua sita kurudi, siku nzima, mpaka mmoja wao, mama mnene kutoka Jenin, akapiga kelele: "Mwalimu, kama tunakwenda mahali, tuambie tuvae viatu!" Alichokiwaza katika zile hatua sita hakikuwa cha kishujaa. Aliwaza kama Rihab ametulia au amekwenda kujisalimisha, na kama amekwenda, basi yeye anakaa hapa kwa kazi bure.

Rihab alikuwa ametaka kwenda. Hilo Itidal alilijua alipotoka, siku aliyorudi na kitambulisho kipya cha kijani, kile wanachopewa waliofungwa ili kila kizuizi kiwajue. Abu Lutfi ndiye aliyemsimulia, akimfuata na kapu lake tangu barabarani. Asubuhi ile ile ya kukamatwa kwake, Rihab alikuja mbio kwa Hajja Nuzha, akasema anakwenda kusema ukweli. Hajja akamwambia aingie kwanza jikoni anywe chai. Alipoingia, Hajja akafunga mlango kwa ufunguo, akaweka kiti, akakaa na tasbihi yake.

"Akakaa mpaka lini?"

"Mpaka siku ya pili adhuhuri. Msichana analia ndani, Hajja anamjibu nje: 'Ukienda, wao watakuwa na wawili, mimi nitabaki na sifuri. Hesabu gani hiyo? Kunywa chai.'"

Itidal aliingia uchochoroni kwake akitafuta maneno ukutani, akakuta hakuna hata neno moja. Palikuwa na picha. Jiwe la kukamulia zeituni, kubwa, la duara, na punda kando yake. Kwenye ukuta wa Abu Lutfi, kichaka cha sabari, ule mpungate wenye miiba wa vijijini, wa kijani iliyokoza. Mbele zaidi, uwanja wa kupuria ngano. Alizunguka kambi nzima na koti lake la gerezani, mtaa kwa mtaa, huku Hajja akimtumia watoto wa jirani kusema chakula kinapoa.

Alipofika nyumbani hatimaye, Rihab alikuwa mezani. Hakusimama kumsalimu.

"Nani alikuomba?" akauliza.

"Hakuna."

"Miezi mitano, Mwalimu. Kila nikitia kijiko mdomoni nawaza wewe unakula nini. Watu wananibusu kichwa kwa ajili yako, nisijue niseme nini. Ungenitaja! Ningekaa mimi, mimi kijana!"

"Shika adabu, ndiyo kwanza anaingia," akasema Hajja, lakini bila ukali.

Itidal alivua koti, akalivaa tena. "Sikiliza," akasema. "Usinifanye mtakatifu. Nilikufanyia wewe, ni kweli. Lakini nusu yake nilijifanyia mimi. Nilikuwa nimechoka kukaa. Yule mtu aliponiuliza, nilihisi kama mlango umefunguliwa, nikatoka. Basi. Hunidai kitu."

Rihab alifuta pua kwa mkono wa blauzi. Kisha akasema, "Tuliacha maneno kwa sababu yako. Mwandiko unakamatwa. Picha haina mwandiko. Hajja anaeleza vitu vya kijijini kwenu na vya wengine, mimi nachora."

"Unachora vibaya," akasema Hajja. "Punda ana miguu ya kuku."

"Kesho mchana, maduka yakifungwa, tunachora kisima," Rihab akaendelea. "Kile cha kijijini kwenu, chenye midomo miwili. Kijana wa kulinda kona ya juu alikamatwa juzi."

"Nitalinda mimi," akasema Itidal kabla mwenziwe hajafunga mdomo.

"Una kitambulisho cha kijani!"

"Na nina miguu."

Kesho yake, saa saba mchana, Mwalimu Itidal alisimama kona ya juu na kisu na kapu, akijifanya anachuma mlenda mwitu uliootea kando ya mtaro. Walikubaliana: akiona askari, ataita paka. Mishmishi. Kwa dakika tano alichuma. Kisha akaanza kutembea, kona mpaka mtaro, mtaro mpaka kona. Akasikia injini, akaita, "Mishmishi!" Lilikuwa lori la maji. Akasikia buti, akaita, "Mishmishi!" Alikuwa mwashi, baba yake Rihab, anarudi kazini.

Rihab akachungulia kutoka chini ya uchochoro, brashi mkononi, uso mwekundu. "Mwalimu, ukiita paka tena nakuja nikukwaruze mimi! Tulia!"

"Nimetulia!"

Mara ya tatu walikuwa askari kweli. Watano, kwa miguu, wametokea nyuma ya msikiti ambako hakuwatazamia. Aliita kwa sauti iliyompasuka. Akasikia kopo likianguka, viatu vikikimbia, mlango ukifungwa. Askari wakampita, wakasimama mbele ya ukuta. Rangi ilikuwa bado inachuruzika. Duara mbili zenye ukingo wa mawe zilikuwa zimekamilika, na mstari mfupi uliokuwa uwe mwanzo wa ngazi ulikuwa katikati yake. Ngazi zenyewe, kamba, ndoo, vyote havijachorwa.

Mmoja wao, kijana ambaye hakumjua, akamgeukia. "Hii nini?"

Itidal akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni apate muda, akaivaa tena.

"Sijui, mwanangu. Miwani labda."

Yule kijana akaitazama picha, akamtazama mwalimu, akawaambia wenzake neno kwa lugha yao, wakacheka. Hakuna aliyetaka kitambulisho, wala hakuna aliyemwambia afute. Wakashuka barabarani.

Kile kisima kilibaki ukutani majira yote ya baridi yaliyofuata, kwa sababu kila doria iliyokuja ilikuta miwani. Rihab hakurudi kukimalizia. Aliogopa kwamba kikiwa na ndoo kitajulikana. Hajja Nuzha alilalamika kwamba mdomo wa kushoto ulikuwa mpana zaidi, na kwamba mtu mgeni angetumbukia. Lakini wazee waliotoka kile kijiji walianza kupita uchochoroni bila shughuli. Walikuja mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda msikitini hata saa isiyo ya sala. Itidal aliwaona kupitia ufa wa mlango, akiwa amesimama, mguu huu, mguu ule. Kulikuwa na mmoja, mfua chuma mstaafu ambaye hakuzungumza na mtu tangu mwanawe afungwe. Alisimama mbele ya mdomo wa kushoto, akatazama huku na huku, akainama, akaweka mkono ndani ya ile duara kama anayeangalia kina cha maji. Akaunyanyua, akaufuta kwenye suruali yake, ingawa ulikuwa mkavu, akaenda zake.